Udongo Uliohamia Nyuma ya Nyumba

Mpendwa dada,

Salamu zangu zikukute huko kazini ukiwa na afya njema, na miguu iwe imeacha kuvimba. Mimi mdogo wako ni mzima, cherehani inazunguka, na wateja wanakuja na visingizio vyao kama kawaida. Mama naye hajambo, anatembea. Ila moyo wangu unachemka, na leo nisipokuandikia nitapasuka.

Habari zenyewe zinamhusu kaka yetu, Mtaalamu. Siku hizi mtaa mzima unamwita hivyo na yeye anaitika, maskini, akidhani anasifiwa. Tangu ahudhurie ile semina ya wakulima hajavua kofia aliyopewa. Analima nayo, anakula nayo, na sitashangaa nikisikia anaoga nayo.

Unalijua shamba la marehemu baba, lile linaloanzia pale malori yanapoanza kunguruma kupanda mlima. Mwaka huu walikuja watu wa kilimo, wakachota udongo kwenye matuta yaliyo karibu na lami, wakaenda kuupima. Waliporudi walimweleza kaka, nami nikiwepo, kwamba udongo wa juu umejaa madini ya risasi, masalia ya moshi wa petroli ya zamani, pamoja na uchafu mwingine wa breki na matairi. Walisema sumu hiyo haiozi, wala mvua haiiondoi. Asipande mboga pale, na udongo ule asiuguse mpaka warudi kumwelekeza.

Kaka akatikisa kofia. Akawaambia ameelewa vizuri kabisa, wasijisumbue kurudia. Walipotoa mguu tu akanigeukia na kunieleza, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kwamba vijana wale hawajui kitu. Kinachodhuru ni barabara, udongo wenyewe hauna kosa. Ukipelekwa mbali na moshi utapumzika, utapona. Utapona, dada! Udongo!

Basi akakodi trekta, akakwangua tabaka lote la juu, maana aliona uchungu kutupa udongo mweusi namna ile. Na akaumwaga wapi? Nyuma ya nyumba, kwenye bustani ya Mama, pale pale nje ya mlango wa jikoni. Akausawazisha, akaumwagilia, akapanda mchicha. Nilimpigia kelele mpaka sauti ikakauka. Akanicheka, akaniambia nirudi nikashone vifungo.

Mchicha ulitoka mnene kweli. Akawaita majirani waje waone kazi ya mtu mwenye elimu. Nao, wanafiki wakubwa, wakampigia makofi huku wakikonyezana, maana habari za vipimo zilishazagaa. Alipowagawia mafungu ya bure, kila mmoja akakumbuka kwamba kwake mboga zimejaa. Kaka akanywea. Hapo Mama akaingia jikoni, akatoka na sahani ya mchicha uliopikwa, akaketi kizingitini, akala wote mbele yao. Nilidhani ni ukaidi tu wa kizee.

Sasa nifike kwa mwanao uliyemwachia Mama. Kaa chini kwanza, tafadhali.

Kibonge wetu si kibonge tena. Bustani ile ndiyo uwanja wake wa kuchezea, kwa sababu udongo wake ni laini kuliko wa ua mzima. Anaufinyanga, anaulamba, mikono haitoki mdomoni. Alianza kulia tumbo, akakataa chakula, akapauka. Kisha maneno aliyokwisha kuyajua yakaanza kumpotea. Akitaka maji ananyoosha kidole tu. Mtaalamu akatoa hukumu kwamba ni minyoo. Mama akasema mtoto anakuwaza wewe. Nikamfunga mgongoni, nikampeleka kliniki mwenyewe. Wakamtoa damu, na majibu yakaja: risasi imo damuni, tena nyingi. Daktari alisema tiba ipo, lakini haina maana mtoto akirudi kwenye udongo ule. Na akili iliyokwisha kuguswa, alisema, hawezi kuniahidi kwamba itarudi.

Dada, hili linalofuata niliapa nisikwambie. Nimeshindwa.

Wakati tunatoka, muuguzi alinifuata mlangoni akanigombeza. Alitaka kujua tulikuwa tunangoja nini, wakati bibi wa mtoto alishamleta zamani, kabla mchicha haujafika hata kifundoni, akaelezwa waziwazi amwondoe pale. Mama alijua. Siku ile anakula kizingitini mbele ya majirani, alikuwa anajua.

Nilipomuuliza hakukana. Alikuwa anachambua mboga, wala hakuinua uso. Alisema mtoto atapona, watoto wana damu changa, lakini kaka yetu akishachekwa na mtaa mzima hatainuka tena. Kisha akanisihi nisikuandikie, kwa sababu wewe una haraka ya kulaumu.

Kaka namdharau, na usingizi ninaupata vizuri tu. Yule ni mjinga wa kawaida, aliyevishwa kofia. Lakini Mama, dada, Mama aliyetulea sisi wote, sijui nimwangalie kwa macho gani. Alipima mtoto wako na aibu ya mwanawe, akachagua.

Mtoto niko naye hapa chumbani kwangu, na tiba ameanza. Mama alikuja kumdai. Nilisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumkaribisha ndani. Lakini mimi ni mama mdogo tu; wakija wote wawili na wazee wa ukoo, sina nguvu ya kuwazuia. Omba ruhusa kazini. Wakikunyima, ondoka bila ruhusa.

Wasalimie wenzako wa huko. Mama angekusalimu, lakini hajui kama naandika. Mtaalamu sikumwomba salamu zake.

Mwanao nimemwambia kwamba unakuja. Hakusema kitu, ila tangu hapo hatoki mlangoni. Usinifanye mwongo.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Cherehani