Kiganja chako juu ya nyuzi

Baba Neema, rafiki yangu,

"Gitaa lile limekufa na mwenyewe." Ni maneno ya Godlisten, mwalimu wetu wa kwaya, na aliyasema sebuleni kwako, mkeo akimimina chai. Nilimjibu palepale kwamba gitaa haliugui presha. Mkeo akacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Kwa hiyo sijutii.

Kwaya inarekodi wimbo wako wa mwisho, ule uliouacha bila besi. Godlisten ameshaweka besi ya kinanda, eti gitaa lako la besi linavuma kama jenereta. Nikadai nipewe wiki moja. Nimekaa nalo nyumbani kwangu Akheri, mimi uliyenifundisha kupiga na ukakata tamaa mara mbili.

Siku ya kwanza sauti ilipasuka kila nilipogusa uzi mnene. Nikamlaumu Godlisten, kisha aliyeniuzia kompyuta, kisha serikali. Kumbe nilikuwa nimefungulia sauti mno inapoingia kwenye kompyuta. Nikapunguza, ikatulia. Lakini ikawa nzito, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Nikakukumbuka jikoni kwako, unachemsha nyuzi kwenye sufuria ya makande, Mama Neema anafoka: "Leo tutakula supu ya misumari!" Nami nikazichemsha. Sauti ikafunguka.

Mvumo ukabaki. Nilibadilisha waya, nikazima friji, nikachomoa chaja ya kompyuta. Ukapungua, haukuisha. Na ulijitokeza mahali pabaya kuliko pote: ubeti wa tatu, pale besi inaponyamaza na akina mama wanaimba peke yao. Nikinyanyua mikono tu, mmmm. Nikaanza kuogopa kwamba Godlisten yuko sahihi, na unajua hilo kwangu ni ugonjwa.

Jana mchana nilishindwa. Sikupiga tena. Nilikaa nalo mapajani, nikaweka kiganja juu ya nyuzi, kama ulivyokuwa ukifanya kanisani mchungaji akihubiri.

Kimya.

Nikanyanyua mkono: mvumo. Nikaurudisha: kimya. Miaka yote ile nilikutania, "Baba Neema, unambembeleza?" nawe ukanijibu, "Analia huyu. Mwache alale." Nilidhani ni mbwembwe. Nimeandika makala nyingi gazetini kuwakaripia watu kwa kutotazama, na mkono wako, hatua mbili kutoka kwangu, sikuutazama. Nisamehe. Nililia pale kitini, nikiogopa hata kunyanyua mkono nijifute.

Leo asubuhi, kabla mvua haijaanza kupiga bati, nimerekodi wimbo mzima, na kwenye ubeti wa tatu nikalaza kiganja juu ya nyuzi. Kidole changu cha tatu bado kinachelewa. Ungekunja uso, kisha ungesema, "Haya, inatosha."

Pumzika, rafiki yangu. Gitaa lako halitauzwa. Neema ameomba kujifunza, nami nakuahidi: kabla ya noti yoyote nitamwonyesha mahali pa kuweka mkono.

Barua hii nitaisoma kesho mbele ya kamati ya kwaya, kwa hiyo sasa nageuka kwenu. Godlisten, na ninyi wanakamati: Jumamosi mkienda studio Usa River, ondoeni besi ya kinanda, wekeni hii ya gitaa lake. Na pale kwenye ubeti wa tatu msijaze kitu chochote. Mkono wake ndio uliopo pale.