Kwacha ya Tarehe Kumi na Sita Juni

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Upepo wa baridi tangu asubuhi, wateja hakuna. Kaka Raymond kapiga simu kutoka Mwazye. Hata hajauliza nimeamkaje. Wazee wamekubaliana: mahari ya Enock irudi, ndipo aandike kwamba hanidai tena kitu, hata nyumba ya Chanji. Nyumba niliyoijenga kwa mchele wangu! Yeye kaongeza mke, mimi nikaondoka — na anayerudisha ni mimi.

Nikamuuliza nani analipa. Eti si wewe mwenye duka Majengo?

Nikasema basi wapewe kwacha zao za Zambia zile zile walizotolea mahari. Leo kwacha moja ni shilingi 107. Lakini wale si wajinga. Wanataka shilingi za siku ile ya 2012, kwacha ikiwa bado na nguvu. Raymond: ni laki sita, uje nazo Jumamosi.

Laki sita. Bei yangu naijua. Baba aliniambia mwenyewe, kaangalia chini. Akauza dume lake la ng'ombe kujazia, ili harusi isiwe ya aibu.

Jumatano, 6 Agosti

Mzee Zenon, baba mdogo wa Enock, kapita dukani. Shikamoo, marahaba, soda. Kakunjua karatasi ya mahari kwa mbwembwe — tulitoa milioni tatu za kwacha, mkwe, hatukukuokota! Nikamtania: baba, hizo ni za kabla hawajakata sifuri tatu, leo ni elfu tatu tu. Akacheka mpaka akakohoa. Eti sifuri walikata Lusaka, yeye hakuwepo.

Akaenda zake. Nikabaki na hesabu.

Milioni TATU? Bibi harusi hakai kwenye kikao cha mahari. Siku ile nilikuwa Mbala, upande wa Zambia, nauza mchele, na karatasi sijawahi kuiona mpaka leo. Miaka yote nilijua ni milioni mbili, maana ukichukua laki sita kwa bei ya wakati ule, ndiyo inayokuja.

Aliyekwenda kuzibadili mpakani ni Raymond. Kwa baba zikafika laki sita.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeshusha madaftari juu ya kabati. Kila siku niliyovuka na mzigo niliandika bei ya kwacha. Novemba 2015: kwacha mpya moja kwa 160 — mwaka Enock alioanza kulala nje. Rudi nyuma, rudi nyuma. Hii hapa, siku ya mahari. Jumamosi, 16 Juni 2012. Kwacha elfu moja kwa shilingi 300. Mwandiko wangu, na doa la chai.

Milioni tatu ni laki tisa.

Nikampigia. Kaka, ulibadili kwa ngapi? Mia mbili, kwacha ilianguka siku hiyo. Ilianguka! Mimi jioni ile ile nilibadili za kwangu mpakani kwa mia tatu. Na mwezi ule ule yeye alitoa kianzio cha pikipiki. Alisema kakopa. Baba akamsifu kwamba ana akili ya maisha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimetoa laki sita kwa wakala. Nikafika kona ya duka la Bashiri, nikageuka, nikatoa laki tatu nyingine. Wakala kauliza, dada, kwema? Nikazihesabu upya.

Jumamosi, 9 Agosti. Mwazye.

Wametoka nje kula. Naandikia chumbani kwa baba.

Zenon aliuliza kikaoni bei ya siku ile anaijua nani. Raymond haraka: mia mbili, laki sita. Mzee Eustaki wa ukoo wetu akaguna — binti mzima laki sita, marehemu baba yake alimuuza kama kuku mgonjwa! Watu wakacheka. Na mimi nimekaa pale pale.

Shangazi Bertha akadakia: kwani Otilia si ana madaftari ya kwacha tangu enzi hizo? Asome! Zenon akasema sawa, atakachosoma mkwe, yeye anakubali. Hata ikiwa mia.

Hata ikiwa mia! Nikisema mia mbili naokoa laki tatu, na hakuna wa kunibishia.

Raymond kanifuata humu. Kafunga mlango. Chana huo ukurasa, Otilia, mlipaji ni wewe, mimi nakuokolea hela. Nikamuuliza, na jina la baba? Baba kafa, anasema. Kwa sauti ya kawaida kabisa.

Dume lile lilikuwa na baka jeupe begani. Baba aliliswaga mwenyewe mpaka mnadani, hakutaka kusindikizwa.

Shangazi anaita: Otilia, daftari!

Laki tisa ziko kwenye fundo la kitenge. Nimemwambia kaka anipishe, nikasome mia tatu. Hajasogea. Kaegemea mlango, ananitazama ninavyoandika — anadhani napiga hesabu.