Unga wa Uwatu na Sahani ya Mama Evodia

Murusagamba, Jumanne jioni

Hapana, mkono haujaongezeka. Nimeupima mara tatu kwa futi ya fundi cherehani, ncha moja nimeing'ata kwa meno. Nikikaza, nimekonda, nikilegeza, nimenenepa. Huo ndio ushahidi wangu baada ya miezi miwili ya kunywa unga wa uwatu.

Muuzaji mnadani alisema unajenga misuli, ila maharage yanaua nguvu yake. Na mimi, mwalimu wa sayansi, sikumuuliza amejuaje!

Leo nimemuuliza daktari wa zahanati. Akacheka. "Mwalimu, tafiti zipo, ila ni ndogo na majibu yanapingana. Misuli inataka protini, na maharage yanayo. Nani alikukataza?"

Nimeona aibu. Tangu nihamie hapa, jirani yangu Mama Evodia alikuwa akiniletea ndizi na maharage kila jioni. Nilipoanza uwatu, nikamrudishia sahani ikiwa imejaa, mara mbili. Hakuleta tena. Siku hizi namwamkia shikamoo, anaitika marahaba, basi.

Miezi miwili sijala na mtu.

Kesho nitapiga hodi kwake saa ya chakula. Hata akinifukuza, nitakuwa nimesemeshwa.