Ndege Haikujaa

Stanley, Visiwa vya Falkland

Mama,

Huku upepo haujatulia, na makinda ya pengwini yameshaanguliwa. Goti lako je?

Mama, nilikudanganya. Uliponiambia, "Yasna mwanangu, nimeshapanga: basi hadi Punta Arenas, kisha ndege ya Jumamosi, nije nione pengwini na hiyo hoteli unayoisimamia," nilikujibu ndege imejaa. Haikujaa. Mimi si meneja, Mama. Napiga deki na kufua mashuka. Niliogopa usije ukanikuta na ndoo mkononi.

Jana mwenye hoteli aliniuliza, "Mama yako haji?" Ili asiniulize zaidi, nikamwambia umefariki. Alinikumbatia huku akilia. Tangu hapo sikuweza kumtazama usoni.

Leo nimemwambia ukweli, na tiketi yako nimeshakata. Njoo, Mama.

Mwanao mwenye aibu,
Yasna