Neno Langu la Msituni

Kambi ya Utomvu, Mississippi
Jumamosi, 18 Mei 1946

Kwako dada yangu mpendwa Odessa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mguu wa Mama umepungua uvimbe. Mimi mwilini ni mzima, ila usingizi umenikimbia, na mkate wa mahindi naumeza kama mchanga. Asante kwa soksi. Nilizivaa siku ileile zilipofika.

Uliniuliza kama bado nachanja misonobari kukinga utomvu. Siku hizi nachanja kidogo. Tangu mwezi wa kumi wamenipa kalamu, kwa sababu ya yale madarasa manne niliyosoma. Wenzangu wanachanja, na kila mmoja akimaliza mti anapaza sauti kuita neno lake, nami naweka nukta mbele ya jina lake. Neno hilo mtu hujichagulia mwenyewe. Mmoja ni Yeriko, mmoja ni Biskuti, mwingine ni Mobile. Bwana Pruitt, msimamizi wetu anayezunguka na farasi, anaona majina kwenye karatasi yangu tu. Neno la nani ni lipi hakuwahi kujali kujua. Kwake hizo ni kelele za watu weusi msituni.

Sasa nikueleze habari za kanisani. Mchungaji wetu, Hosea Battle, aliendesha lori la jeshi Ufaransa. Mwezi uliopita alisimama mimbarani na karatasi yake ya kuachishwa jeshi mkononi, akasema sheria mpya inamsamehe askari wa zamani kodi inayotozwa kabla ya kupiga kura, mradi aonyeshe karatasi hiyo. Akauliza ni wangapi humu wanazo. Tuliinua mikono watano. Akasema Mungu hakututoa baharini tukiwa hai ili tuje kuinamisha vichwa mbele ya karani wa wilaya.

Shemasi Lofton alisimama akasema kanisa ni la sala, siasa zina wenyewe, na Yesu hakupiga kura hata siku moja. Mama Ora Mae akamjibu kutoka kiti cha nyuma kwamba Yesu hakutafuna tumbaku kanisani pia, Shemasi, na hilo shavu lako limejaa nini? Watu wakacheka mpaka Mchungaji akacheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyosikia kicheko hapa.

Tulikubaliana twende pamoja kujiandikisha, Jumanne hii inayokuja. Mchungaji alitaka orodha, lakini majina yetu kwenye karatasi ni hatari. Ndipo mmoja akasema tuandike maneno yetu ya msituni. Tukaona ni akili kubwa. Karatasi ikawekwa ndani ya Biblia ya mimbarani.

Alhamisi ya wiki iliyopita, sisi tukiwa kazini, Pruitt aliingia kanisani akaichukua.

Jumapili kulikuwa na ubatizo kijitoni. Ezell Crumpton alikuwa amerudi. Huyu alikuwa mchanjaji mwenzetu, na vitani kule Uholanzi alichimba makaburi ya askari weupe majira mazima ya baridi. Mwezi wa tatu alihama kwenda bandarini Gulfport, akamwacha mkewe Vernell hapa mpaka apate nyumba. Kuhusu kura hakujua lolote. Alikuja kwa ajili ya binti yao wa miaka kumi, aliyekuwa anabatizwa. Alivaa shati lake la jeshi, akanishika mkono, akaniambia eti mzee, naona bado ni karani, kesho kutwa utataka tukuite bosi.

Mtoto alikuwa tayari majini na Mchungaji, amevaa kanzu nyeupe, lilipokuja gari. Pruitt na wenzake wawili wakasimama ukingoni, kofia kichwani. Pruitt akasema Ezell, kijana, njoo tuzungumze kidogo. Ezell akaomba wamsubiri binti yake atoke majini. Wakamsubiri, Dada. Walisimama kwa utulivu kama watu waliokuja kusali. Mtoto alipotoka, Ezell alimfuta uso kwa leso, akampa Vernell kofia yake, akaenda nao. Tulikuwa zaidi ya sitini pale. Hakuna aliyesogeza mguu.

Leo ni siku ya sita. Mkuu wa polisi anasema lazima karudi Gulfport. Kofia yake ipo kwa Vernell. Msituni watu wanaita maneno yao kwa sauti ya chini kama wagonjwa. Wawili kati ya watano wamekwisha kuhama kambi. Kila mtu anamtazama mwenzake na kuuliza kwa macho ni nani aliyesema, na kwa nini Ezell, ambaye hata hakuwepo. Wengi wanamshuku Shemasi Lofton. Juzi hakuna aliyempokea mkono.

Jumatano Vernell alikuja kwangu. Alisema ndugu Alvester, wewe ndiye mwenye kuandika, niandikie serikali, waambie mume wangu alikuwa askari wao. Nikamwandikia. Alinikatia kipande cha mkate wa viazi vitamu, akakaa akiningoja nile.

Dada, sasa nikuambie ninayoyajua peke yangu. Ijumaa ile, siku mbili kabla ya ubatizo, Pruitt aliniita zizini akaniwekea orodha mbele ya macho. Akasema wewe ndiye unayewaandika, nisomee. Nikamwambia maneno mengine siyajui. Akaweka kidole juu ya neno moja, Yordani, akasema basi hili la nani, au ni lako? Alikuwa anakunja kamba, polepole, hanitazami. Nikatafuta mtu aliye mbali, asiyeweza kufikiwa. Nikasema hilo ni la Ezell Crumpton, na yeye ameshahama. Pruitt akasema vizuri, kijana. Nami nikatoka nikimshukuru Mungu kwa kunipa akili.

Ezell alipokuwa hapa neno lake lilikuwa Savana. Yordani ni langu. Nililiita misimu minne, kabla ya jeshi na baada yake, mpaka nilipopewa kalamu.

Kesho, wakati wa ushuhuda, nitasimama na kuyasema haya mbele ya Vernell na binti yake, na mbele ya Shemasi Lofton. Pruitt namwogopa, lakini yule mtoto namwogopa zaidi. Jumanne nitakwenda na Mchungaji kwa karani, hata tukiwa wawili tu. Tukitoka hapo nitakwenda zizini kumwambia Pruitt neno lile ni la nani. Huenda Ezell bado yu hai mahali fulani, na wakamwachia.

Karatasi yangu ya jeshi nitakuwa nayo mfukoni. Zikipita wiki mbili bila barua, usije huku, na shemeji asije. Mwandikie Mchungaji Battle. Mama usimsomee ukurasa huu. Mwambie soksi zimenitosha.

Wasalimie wote wa nyumbani, na majirani wanaonikumbuka. Niombeeni, na mumwombee Ezell kwanza.

Mimi mdogo wako,
Alvester Tolliver
Yordani