Eliwaza Atapiga Kura Mwenyewe

Binti yangu atapiga kura kwa mkono wake mwenyewe!

Haya, sasa ndiyo niwasalimu. Hamjambo wasomaji wangu? Leo Jumamosi upepo umevuma Mwankoko kutwa nzima, vumbi mpaka kwenye meno, na koo limenikauka kwa vigelegele.

Eliwaza wangu haoni tangu surua ya utotoni. Wengi mnamjua, maana siachi kumtaja. Leo ofisi ya kata walikuwa wanafundisha watu kupiga kura, wakamwita mbele. Wakampa karatasi ya mfano, imechomekwa kwenye jalada lenye matundu na nukta nundu za kusoma kwa vidole. Akapapasa, akasoma, akatia vema kwenye tundu alilolitaka, akakunja karatasi, akaitumbukiza sandukuni. Wenye macho yao nyuma yangu bado wanaulizana inakunjwaje!

"Huyu binti wa nani?" mama mmoja akauliza.

"Wangu!" nikamjibu hata hajamaliza.

Lakini njiani kurudi, nikakumbuka nililomfanyia.

Uchaguzi uliopita mimi ndiye niliyeingia naye kumsaidia. Alininong'oneza jina la anayemtaka. Nikatia vema kwa mwingine, ninayemtaka mimi. Nilijiambia mama anajua zaidi. Sijawahi kumweleza mtu.

Leo nimemweleza yeye. Tulipofika kisimani nilisimama, nikasema yote bila kupumua.

"Mama, nilijua," akasema. "Siku ile ulirudi ukanichinjia kuku, na wala si sikukuu."

Nikacheka huku nalia. Yeye akacheka kidogo.

"Iliniuma lakini. Ile kura ilikuwa yangu."

Nikamwambia, nisamehe mwanangu. Akautafuta mkono wangu, akaushika.

"Nimekusamehe. Ila safari hii utaishia mlangoni."

Nitaishia mlangoni. Mimi huyu, ninayeingilia hata sufuria za mkwe! Wala sitamuuliza amemchagua nani.

Nitawashwa, lakini sitauliza.

Majirani, mwenye shamba aliache, mwenye genge alifunge. Njooni mmwone binti yangu akitoka na wino kidoleni. Kituo ni pale shuleni, saa moja asubuhi, Jumatano.