Yule Dada wa Huduma

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumatatu, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada Pole,

Pokea salamu nyingi kama sufi iliyomwagika humu chumbani, na ungeiona ungejua kwamba ni nyingi kweli. U hali gani huko uliko? Mgongo unasemaje? Na yule bibi unayemtunza, bado anakuita kwa jina la marehemu binti yake? Mfikishie salamu zetu hata kama hajui sisi ni nani.

Sisi huku wazima, ila uzima wenyewe ni wa kujikongoja. Mama mguu unamsumbua asubuhi, ikifika mchana anausahau, anaanza kugombana na redio zote mbili: ile ya betri, na ile niliyoizaa mwenyewe. Binti yangu huyu tumempa jina la Redio kwa sababu hazimiki. Shemeji yako yupo, mchana kutwa anachomelea mageti ya watu, usiku anakoroma utadhani bado anachomelea.

Usishangae kupata barua ya kalamu katika zama hizi. Nikishika simu tu wateja wananiona niko hewani, na kila anayeniona hewani ana swali. Kwa hiyo simu nimeifungia kwenye kabati la nguo, nimekaa na karatasi, na barua hii nitaimaliza hata kukikucha. Jirani yetu fundi simu ana ndugu yake anayesafiri kuja huko wiki hii. Atakuletea mkononi.

Dada, nimechoka. Nalitanguliza hilo ili usije ukadhani nakuandikia kwa raha. Nauza mito ya kulalia na mimi mwenyewe silali. Mganga hajigangi, walikwisha kusema wenyewe. Mchana nakata vitambaa, nashona foronya, nachambua sufi, najaza, napiga pasi, nafunga vifurushi na kuvipeleka kituoni. Usiku watu wakishatoka makazini na kula wakashiba, ndipo wanapokumbuka kwamba mto wa nyumbani umekuwa kama ubao, na hapo ndipo kazi yangu ya pili inapoanza. Huyu anauliza bei, na bei iko hapo hapo chini ya picha. Yule anataka nimweleze mto ni mlaini kiasi gani. Sasa nimjibu nini, nimletee kichwa changu apime?

Hizo picha nazo ni kisa kingine. Kitanda chenye taa nzuri ni chetu, na aliyelala humo ni shemeji yako. Nilimsukuma ukutani nikapiga picha, nikaiweka mtandaoni bila kuitazama vizuri. Mteja wa kwanza kuiona akauliza, na huo mguu unauzwa pamoja na mto au peke yake? Shemeji yako hakuzungumza nami siku nzima, halafu akaanza kuosha miguu kabla ya kulala.

Sasa kuna jambo ambalo kwenye simu nimekuwa nikilipindisha kila ukiuliza biashara inaendaje.

Nilipoanza kuuza mtandaoni watu waliniogopa. Siwalaumu, matapeli wamejaa kuliko nzi. Mteja mmoja aliniandikia, "Mbona bei unataja wewe, mzigo unafunga wewe, malalamiko unapokea wewe? Hili ni duka kweli au ni wewe tu?" Lilikuwa swali zuri, maana ni mimi tu. Nikampelekea fundi simu kilio changu, akacheka, akasema, "Mama Redio, watu hawanunui mto, wananunua ofisi. Jitanue."

Nikajitanua. Usiku huo huo nikaajiri watu watatu, na wote ni mimi. Wa kwanza ni Mauzo, huyu ana haraka, anataja bei na rangi, basi. Wa pili ni Meneja, mtu wa maneno machache, na nikiwa Meneja nakaa wima kitini hata kama nimevaa gauni la kulalia. Wa tatu ni Huduma kwa Wateja. Mtu akilalamika, Mauzo anamwandikia, "Subiri kidogo nikuunganishe na Huduma." Mimi naenda jikoni kuepua maji, nikirudi naandika, "Habari za usiku mpendwa, hapa ni Huduma." Watu wakaamini. Nilikuta mteja anamsifia mwenzake kwamba sisi ni kampuni kubwa yenye idara. Kampuni kubwa, Dada, na stoo yake iko chini ya kitanda cha Mama.

Mwezi uliopita mteja mmoja alikasirishwa na Mauzo. Na kweli Mauzo alimjibu ovyo, alikuwa hajaonja usingizi tangu juzi yake. Mteja akadai Meneja, Meneja akaja. Mteja akasema huyo mfanyakazi wenu hana adabu, mfukuzeni au sinunui tena. Basi nikajifukuza kazi. Saa nane za usiku, bila onyo, bila kiinua mgongo. Nilicheka mpaka shemeji yako akaamka na kuuliza kuna nini. Nikamwambia nimefukuzwa kazi. Akasema, "Afadhali, basi njoo ulale," akageukia ukuta.

Sikwenda kulala. Kicheko kikageuka kilio, nikalia juu ya foronya nyeupe za watu mpaka ikabidi nizifue upya. Sikuwa nalilia Mauzo, unanielewa. Nililia kwa sababu kulikuwa na watu watatu kazini na wote walikuwa wamechoka.

Lakini aliyenikalisha hapa kuandika ni yule wa Huduma. Mwanzoni sikujua aongeeje. Mimi unanijua, subira sikupewa, mtu akinipandishia nami nampandishia. Sasa usiku mmoja akaandika mama mmoja, anawaka moto, mto wake umefika umelowa chapachapa. Vidole vilikuwa vinaniwasha kumjibu, kwani mvua nimeinyesha mimi? Nikashangaa nimeandika, "Pole sana mama. Hebu tulitazame pamoja."

Mikono yangu, maneno yako. Ndivyo ulivyokuwa ukiniambia nikirudi na goti limechubuka, nikirudi na sare imechanika, nikirudi na matokeo mabaya nimeyaficha ndani ya soksi. Hukuwahi kuanza na "umefanya nini tena." Ulivuta kigoda, ukakaa, ukasema njoo hapa tulitazame pamoja. Ndiyo maana tukakubandika jina la Dada Pole, ulimpa pole kila mtu hadi kuku aliyezuiwa asiingie jikoni.

Tangu usiku ule Huduma ni wewe. Mteja akifoka, najiuliza Dada angesemaje, na jibu linakuja lenyewe. Watu wanampenda kuliko mito. Kuna anayeandika, "Nipe yule dada wa Huduma, huyu mwingine simtaki," na huyo mwingine ni mimi, na naumia kidogo, sikufichi.

Nilidhani ni siri yangu. Jioni moja Redio akaichukua simu akawa anamsomea bibi yake ujumbe wa wateja kama taarifa ya habari. Alipofika kwenye majibu ya Huduma, Mama akamnyamazisha. Akanigeukia, akasema, "Huyu si wewe. Huyu ni mwanangu mkubwa. Umemtoa wapi?" Nikakosa pa kuficha uso. Tangu siku hiyo kila jioni anataka asomewe Huduma kasema nini leo, na akishasomewa analala bila kuutaja mguu.

Yule mama wa mto uliolowa ana nyumba ya wageni. Naye hukesha akingoja wageni wanaofika usiku, kwa hiyo tukawa tunakutana huko huko hewani. Nilimbadilishia mto, lakini hakuacha kuandika, wala hanunui kitu: leo bomba limepasuka, leo mgeni kaondoka na taulo, leo kamkumbuka marehemu mumewe. Usiku mmoja akaandika kwamba siku nyingine anaandika tu ili mtu amwambie tulitazame pamoja. Nikamwambia. Halafu nikabaki na simu mkononi nikiwaza, mimi ananiambia nani? Na wewe huko, unayemgeuza bibi wa watu kitandani usiku kucha, unaambiwa na nani?

Sasa ameongeza vyumba, anataka mito ya nyumba nzima, na kila mwaka anabadilisha. Kwa kazi hiyo ningepangisha chumba cha kushonea, nikamweka mshonaji, nikalala kama watu. Ila ana sharti: kwanza aje amshike mkono yule dada wa Huduma. Meneja hamtaki, anasema ana kiburi.

Nilijaribu ujanja, Dada. Nikamkalisha rafiki yangu msusi ili ajifanye Huduma, mimi nikajifanya mteja mwenye hasira. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kitana chini, akasema, "Kama mto huutaki, lalia mkono." Ujanja ukaishia hapo.

Basi nikamwandikia yule mama ukweli wote, kwamba duka zima ni mimi, na Huduma ni maneno ya dada yangu aliye mbali. Nilingoja matusi usiku kucha. Asubuhi akajibu kwamba alishajua siku nyingi, maana hajaona ofisi ambayo wafanyakazi wake wote humwambia kwa zamu ngoja niepue maji jikoni. Akaongeza, "Basi huyo dadako nitamsubiri. Ila mwambie asikawie."

Sasa ndiyo tumefika penyewe. Uliponipigia wiki iliyopita ulisema waajiri wako wanataka utie saini mkataba mwingine wa miaka mitatu, mwisho wa mwezi huu. Ukasema labda utatia tu, maana, "Nikirudi, narudi kufanya nini? Si mmekwisha kunizoea sipo?" Ulicheka uliposema hivyo. Mimi ni mdogo wako, kicheko chako nakijua kikiwa na machozi ndani. Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika, Dada. Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa foronya.

Jibu ndilo hili. Hatujakuzoea hupo. Umekuwa ukikaa chumba hiki kila usiku, ukiwatuliza watu usiowajua, ukimlaza Mama, ukinizuia mimi nisiitupe simu chooni. Unauliza urudi kufanya nini? Urudi ufanye kazi unayoifanya tayari, safari hii mwenyewe, kwa mdomo wako, na kwa mshahara.

Sitakudanganya kwamba ni raha. Utapiga chafya kwa sufi mpaka uzoee, na wateja wanaouliza bei iliyoandikwa watakumaliza hata wewe. Wala sikuiti kwa ajili ya oda ya yule mama. Oda ni oda, hii ikienda itakuja nyingine. Nakuita kwa sababu nimechoka kuwa wewe. Nakuwa wewe kwa watu wote, ikifika zamu yangu hakuna aliyebaki. Nataka kuwa mdogo wako tena, nichubuke goti, na kigoda avute mtu mwingine.

Na kama moyo wako unakuambia huwezi kumwacha bibi huyo, baki, sitanuna. Nitanuna kidogo.

Shemeji yako anakusalimu, anasema ukija umkataze huyu mkewe wa biashara kumpiga picha akiwa amelala. Fundi simu na msusi wanakusalimu, msusi anaapa kwamba angeiweza ile kazi kama angepewa nafasi ya pili. Redio anauliza kama ukija utakuwa na sauti ile ile ya kwenye simu au nyingine. Mama yeye hakutaka niandike maneno mengi. Amesema nikuambie tu kwamba kile kigoda chako bado kipo, na kwamba kila nikitaka kukipangia mito juu yake anakiondoa.

Mola akulinde wewe na bibi yako huyo, akupe usingizi ninaouuza mimi na nisioupata. Majogoo wa jirani wameanza kuwika, na simu inatetemeka ndani ya kabati. Yeyote aliyeko humo anataka Huduma, nami leo sitamjibu kwa sauti yako.

Usitie saini kabla hujanipigia. Najua ni jambo zito. Njoo hapa, Dada, tulitazame pamoja.

Ni mimi nikupendaye tangu nikiwa na matokeo ndani ya soksi,
mdogo wako,
Meneja, na Mauzo aliyefukuzwa.